Mikono Nyuma, Spana

Fundi Spana hakujua kutulia. Ukimkaribisha kiti, kwanza alikigeuza akague misumari. Ukimpa chai, alitikisa mshikio wa kikombe aone kama umelegea. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za maji kwenye majengo marefu, na kazi hiyo ilimfuata mpaka nyumbani. Mfukoni mwake hamkukosa spana ndogo, hata akienda harusini. Ndiyo maana mtaa mzima ulisahau jina alilopewa na wazazi wake, ukabaki na hilo la Spana.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Watu wote walimwita Mwalimu, na mumewe pia. Alikuwa na dawa moja ya watoto wasiotulia. Alisimama mbele ya darasa, akasema, "Mikono nyuma!" Hapo hapo mikono themanini ilipotea nyuma ya migongo.

Dawa hiyo hiyo aliitumia nyumbani.

"Baba watoto, redio inaimba vizuri. Unaifungua ya nini?"

"Nasikia kitu kinakwaruza."

"Kinakwaruza masikioni mwako. Mikono nyuma!"

Spana alicheka, akaweka mikono nyuma. Alikaa hivyo dakika moja, ikizidi sana mbili.

Basi mwaka ule Mwalimu alianza kuishiwa pumzi. Walikaa ghorofa ya tatu. Zamani alipanda ngazi huku anaimba. Sasa alisimama kila ghorofa, mkono kifuani. Miguu ilivimba jioni. Usiku alilalia mito mitatu. Spana alishuku ngazi. Alichukua futi ya kupimia, akapima kila kidato, akasema, "Kuna vidato viwili virefu kupita vingine."

"Hata ukivikata, pumzi hairudi," alisema Mwalimu. "Nipeleke hospitali."

Hospitali walimpima siku mbili. Kisha daktari wa moyo akawaita wote: Spana, Mwalimu, na binti yao mkubwa aliyekuwa mshonaji.

"Moyo una milango midogo minne," alisema daktari. "Inafunguka damu ipite. Inafunga damu isirudi nyuma. Mlango mmoja wa Mwalimu haufungi. Damu inakwenda, inarudi. Moyo unafanya kazi mara mbili. Inabidi tumpasue, tuubadilishe."

"Kumbe valvu!" alisema Spana, na uso ukamng'aa. "Basi ni kazi ya asubuhi moja."

Daktari alimtazama juu ya miwani. "Kwa pampu yako, labda. Huyu ni mtu."

Upasuaji ulifanyika Jumatatu. Spana alisubiri nje tangu asubuhi. Binti alikaa, yeye alitembea. Alikaza skrubu za benchi mbili na bawaba ya mlango wa chooni. Saa tisa alasiri daktari alitoka. Uso wake haukuwa wa furaha, wala haukuwa wa msiba.

"Mlango mpya umewekwa na unafunga vizuri," alisema. "Lakini moyo wenyewe umechoka. Umeteseka muda mrefu, na leo tumeusimamisha kwa saa nyingi ili tuushone. Tulipouamsha, uliamka, ila hauna nguvu ya kusukuma damu ya mwili mzima. Tumemwekea mashine ya kuusaidia."

"Mashine gani?" aliuliza binti.

"Mashine ya kusukuma damu. Mrija mmoja unatoa damu mwilini. Mashine inaitia hewa safi, kisha inaisukuma irudi kwa mrija wa pili. Moyo unapata nafasi ya kupumzika. Ni msaada wa siku chache."

"Na zikiisha hizo siku?"

"Tutaona moyo unasemaje."

Jibu hilo Spana hakulipenda hata kidogo. Yeye alizoea kuambiwa saa ngapi maji yatatoka.

Jioni waliruhusiwa kuingia, wawili wawili. Mlangoni waliambiwa wanawe mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, kwa sababu mgonjwa wa namna hii hupata maambukizi haraka. Mwalimu alilala chali, macho yamefumba, mrija wa kupumulia mdomoni. Miguuni, chini ya shuka, ilitoka mirija miwili minene kama kidole gumba. Mmoja ulikuwa na damu nyeusi nyeusi. Wa pili ulikuwa na damu nyekundu ya kung'aa. Yote miwili iliingia kwenye mashine iliyokuwa na ukubwa wa kabati dogo la vyombo.

Kando ya mashine alikaa mwanamke mfupi mwenye kofia ya kitambaa. Kazi yake ilikuwa hiyo mashine tu. Wauguzi walimwita Dada wa Mashine.

Spana aliinamisha kichwa, akatega sikio. Mashine iliguruma polepole.

"Beringi zake nzima," alisema kwa sauti ya kitaalamu.

"Haina beringi," alijibu Dada wa Mashine. "Inazungushwa kwa sumaku."

"Pampu bila beringi!" Spana alishangaa, na kidogo aliona kama ametukanwa.

"Ndugu yangu, wewe ni fundi?"

"Wa pampu. Miaka ishirini na sita."

"Basi nikuambie mapema, maana nawajua mafundi. Hapa hugusi mrija. Hugusi kitufe. Hutii chakula wala maji mdomoni mwake. Ukiona jambo, unasema. Kitu unachoruhusiwa kugusa ni mkono wake, na uwe umenawa. Mwongeleshe pia. Amelazwa usingizi kwa dawa, lakini huenda anasikia."

Spana aliushika mkono wa mkewe.  Akasema, "Mwalimu, redio sijaigusa." 

Kwenye kioo cha mashine palikuwa na namba. Spana aliuliza, akaambiwa ni lita ambazo mashine inasukuma kwa dakika. Zilikuwa nne. Namba hiyo aliikariri kama jina la mtoto.

Siku ya pili alikuja shemeji yake, kaka wa Mwalimu. Huyu alikuwa kinyozi, na kinyozi hakosi habari. Alimvuta Spana pembeni ya korido.

"Shemeji, tuseme ukweli. Mtu akishawekwa kwenye mashine, ndiyo basi tena."

"Nani kasema?"

"Mteja wangu. Mjomba wake aliwekwa hivi hivi. Anasema wanapunguza kidogo kidogo, ndugu wasishtuke. Leo kidogo, kesho kidogo. Ukiona wameanza kupunguza, jua wamekata tamaa."

"Mteja wako ni daktari?"

"Anauza viatu. Lakini ana akili sana."

Spana alimwambia aende zake akanyoe watu. Lakini maneno ni kama mbegu za magugu, hayahitaji mbolea. Tangu saa hiyo alipoingia chumbani, macho yake yalikwenda kwenye namba kwanza, kwa mkewe baadaye.

Jumatano namba ilisoma tatu na nusu.

Spana alitoka nje, akatembea korido mara kumi na nne. Alirudi. Bado tatu na nusu.

Alhamisi asubuhi ilisoma mbili na nusu.

"Mbona mnapunguza?" aliuliza.

"Daktari ameagiza," alisema Dada wa Mashine. "Ngoja nipime damu yake, halafu nitakueleza vizuri."

Alichukua kichupa cha damu, akaenda kwenye mashine ndogo ya vipimo ukutani, hatua tano hivi. Muuguzi alikuwa upande wa pili wa kitanda anabadilisha chupa ya dripu, mgongo umegeuka. Spana akabaki na ile namba. Mbili na nusu. Miaka ishirini na sita, watu wakilalamika maji hayapandi ghorofani, alifanya jambo moja kwanza. Aliongeza mwendo wa pampu.

Mkono wake haukuomba ruhusa. Ulikwenda kwenye kitufe cha duara, ukakizungusha kulia. Kidogo tu.

Namba ikapanda. Mbili nukta sita, mbili nukta saba. Moyo wa Spana ukapanda nayo. Halafu mrija wa damu nyeusi ukaanza kucheza. Ulitikisika, ukarukaruka juu ya shuka kama mpira wa maji uliovuta hewa. Namba ikaporomoka. Mbili. Moja na nusu. Mashine ikapiga kelele.

Dada wa Mashine alifika kwa miruko miwili. Alirudisha kitufe, akakazia macho mrija. Mrija ukatulia. Namba ikarudi. Daktari aliingia mbio, akatazama shinikizo la damu, akatazama macho ya Mwalimu, akashusha pumzi.

"Nani amegusa?" aliuliza Dada wa Mashine.

Spana angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Mimi."

"Toka nje. Sasa hivi."

Alitoka. Huko nje alikaa chini, sakafuni kabisa. Fundi wa pampu asiyejua mrija unaocheza hayupo duniani. Mrija ukicheza, pampu inavuta kuliko tangi linavyotoa. Yeye alijua hilo tangu siku za uanafunzi, na amewagombeza vijana wengi kwa kosa hilo. Leo alilifanya mwenyewe, na lile halikuwa tangi. Alikuwa mke wake.

Kumbe mtu anaweza kujua jambo na mkono wake usijue.

Spana alizuiwa kuingia. Kuanzia siku hiyo binti ndiye aliyekuwa anaingia na kutoka na habari. Ijumaa asubuhi alitoka na karatasi.

"Baba, Mama hajadhurika. Lakini daktari anasema kesho watashusha mashine mpaka chini, waone moyo unavyofanya kazi. Ukifanya vizuri, wanampeleka chumba cha upasuaji, wanaitoa mirija. Wanataka saini yako."

"Hapana."

"Baba!"

"Nimesema hapana. Walianza nne, wakaja tatu na nusu, kisha mbili na nusu. Kesho sifuri. Mimi sisaini kifo cha mke wangu."

"Mjomba amekujaza maneno."

"Mjomba wako hajui kitu. Ila namba niliiona mwenyewe."

Binti aliweka karatasi kwenye benchi, akakaa mbali naye. Alikuwa na hasira ya mtoto aliyelia muda mrefu akachoka. Spana akasimama, akakaa, akasimama. Alitoa spana mfukoni, akatafuta cha kukaza. Benchi zote za korido ile alikwishazikaza.

Saa nane mchana Dada wa Mashine alitoka kula. Alikuwa na mkate na chupa ya maji. Badala ya kwenda kwenye mgahawa, alikuja kukaa pale pale, benchi moja na Spana. Alikata mkate, akampa nusu.

"Kula."

"Huna hasira na mimi?"

"Ninayo. Lakini kula."

Spana aling'ata mkate.

"Fundi," alisema Dada wa Mashine, "jana ule mrija ulicheza kwa nini?"

Spana aliinamisha kichwa. "Tangi halikuwa na maji ya kutosha mwendo ule."

"Hasa. Mwili wa mama una damu ya kiasi fulani tu. Ukivuta kwa nguvu, mshipa unajinyonya kwenye mrija, damu haiji. Kuongeza si kusaidia. Sasa niambie jambo la kazi yako. Pampu ya jengo ikiharibika, watu wanakaa bila maji mpaka uitengeneze?"

"Thubutu! Wataniua. Nafunga pampu ya kuazima."

"Halafu?"

"Natengeneza ile yao. Ikipona nairudisha."

"Unaiwasha kwa nguvu zote siku ya kwanza?"

"Hapana, itaungua. Naiachia polepole. Hii naiongeza kidogo, ile ya kuazima naipunguza kidogo. Nasikiliza. Nikiona yao imeshika kazi, naiondoa ya kuazima."

"Na unapoipunguza ile ya kuazima, ni kwa sababu umekata tamaa?"

Mkate ulibaki hewani, katikati ya mkono na mdomo. Spana alimtazama yule mwanamke mfupi muda mrefu.

"Lo!" alisema.

"Ndiyo hivyo. Jumatatu moyo wake ulikuwa hauwezi, mashine ikabeba karibu mzigo wote. Jumatano tulimpima kwa picha, tukaona moyo umeanza kubana vizuri. Tukapunguza. Alhamisi ukabana zaidi, tukapunguza tena. Namba uliyokuwa unaililia, kwetu ilikuwa habari njema. Kosa letu ni kwamba hatukukueleza mapema. Kosa lako ni kwamba hukungoja."

"Lakini kwa nini msimwache nayo mwezi mzima? Apone kabisa, ndiyo mtoe."

"Kuazima kuna bei yake, fundi. Si pesa nasemea. Damu haipendi kupita kwenye plastiki, inaganda. Tunampa dawa isigande. Dawa hiyo nayo inamfanya atokwe na damu kirahisi. Ndiyo maana shemeji yako na ndugu wengine waliombwa kuchangia damu. Mirija inapita kwenye ngozi, na vijidudu vinatafuta njia hiyo hiyo. Mguu wenye mirija unaweza kukosa damu. Kila saa tunaushika kama una joto. Kila siku anayobaki kwenye mashine bila sababu ni siku ya hatari. Na moyo ni msuli. Umewahi kuona mguu uliotolewa plasta?"

"Unakuwa mwembamba kama fimbo."

"Haya. Msuli usiofanya kazi unasinyaa."

Spana aliikunja mikono kifuani ili isitembee. "Na kesho moyo ukigoma?"

Dada wa Mashine hakumbembeleza. "Ukigoma tunarudisha mashine juu, siku hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo. Tunakaa na ninyi, tunazungumza la kufanya. Wapo ambao moyo wao haurudi, siwezi kukuficha. Lakini mkeo dalili zake ni nzuri. Ningekuwa na wasiwasi mkubwa, ningekuambia hapa hapa na mkate wako mkononi."

Kitu kilimlegea Spana kifuani. Hakikuwa furaha. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, mtu alimweleza jambo lote, mpaka upande wake mbaya. Alimwita binti. Alisaini. 

"Naomba jambo moja," alisema. "Kesho niwepo mnapoanza."

"Uje uniharibie tena?"

"Nitaweka mikono nyuma. Mke wangu alinifundisha."

Dada wa Mashine alifikiri. "Nitamwomba daktari. Utasimama kwenye alama nitakayokuonyesha. Na hiyo spana inabaki nje."

Jumamosi asubuhi Spana alinawa mpaka viwikoni. Spana yake aliikabidhi kwa binti kama mtu anayekabidhi silaha. Dada wa Mashine alikuwa amebandika kipande cha utepe mweupe sakafuni, hatua mbili kutoka miguuni mwa kitanda. Spana alisimama juu yake. Mikono ilikwenda nyuma. Ilishikana.

Dawa ya usingizi ilikuwa imepunguzwa. Mwalimu alifumbua macho nusu. Hakuweza kusema kwa sababu ya mrija wa mdomoni. Macho yalizunguka chumba, yakampata mumewe, yakabaki kwake.

Daktari alishika kifaa cha picha kifuani pa Mwalimu, macho kwenye kioo chake. Dada wa Mashine alizungusha kitufe kushoto. Mbili. Wakangoja. Moja na nusu. Wakangoja tena. Kungoja kule! Spana alijikaza mpaka mabega yakauma. Daktari alisema, "Unabana vizuri. Endelea."

Muda mfupi baadaye daktari alikunja uso. "Shinikizo linashuka kidogo. Mbona?"

Wote walitazama vioo. Spana hakuwa na kioo mbele yake. Alikuwa na shuka, na miguu, na mirija miwili. Akauona ule wa damu nyeusi. Ulitetemeka. Haukurukaruka kama Alhamisi, ulitetemeka kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Yeye mitetemo ya namna hiyo ndiyo iliyomlisha miaka ishirini na sita.

Mkono wa kulia ukachomoka nyuma. Ulifika kiunoni. Spana aliuona mkono wake unakwenda, akaudaka kwa wa kushoto, akaurudisha.

"Dada!" alisema. "Mrija mweusi unacheza. Mwendo ni mdogo, tangi haliwezi kukauka. Kuna mahali umebanwa."

Dada wa Mashine hakuuliza mara mbili. Alifunua shuka. Mwalimu, kwa kuamka, alikuwa amekunja goti, na mrija ulijikunja chini ya paja. Muuguzi alinyoosha mguu taratibu. Mrija ukatulia. Shinikizo likapanda.

"Asante, fundi," alisema daktari bila kugeuka. "Tungeanza kuulaumu moyo."

Mashine yenyewe ingelia baadaye kidogo, bila shaka. Lakini huko baadaye kusingekuwa na faida kwa Mwalimu.  Spana alikuwa anashughulika kuzuia mikono yake.

Walishusha mpaka chini kabisa. Moyo wa Mwalimu ulibeba mzigo wenyewe, dakika tano, dakika kumi, dakika ishirini. Saa sita mchana walimpeleka chumba cha upasuaji kutoa mirija. Saa nane na nusu alirudi. Pale ilipokuwa ile mashine palikuwa na sakafu tupu, na Spana aliitazama sakafu hiyo kama mtu anayetazama mali.

Jumatatu walitoa mrija wa kupumulia. Spana aliingia, akasimama juu ya ule utepe mweupe, mikono nyuma. Hakuna aliyemwambia. Mwalimu alimtazama muda mrefu. Midomo ilikuwa mikavu. Sauti ilitoka kwa kukwaruza.

"Nani... kakuweza... wewe?"

Spana alilia mbele ya muuguzi, mbele ya binti, mbele ya kila mtu, na hakuona haya.

Mwalimu alikaa hospitali wiki tatu zaidi. Nyumbani alirudi na masharti yake. Dawa ya kuzuia damu isigande, saa ile ile kila siku, na kipimo cha damu kila alipoitwa. Kutembea kila asubuhi, leo mlango, kesho korido, kesho kutwa kidato cha kwanza. Kutonyanyua kizito mpaka mfupa wa kifua uunge. Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au miguu ikivimba tena, kurudi hospitali bila kungoja. Hapo mikono ya Spana ilipata kazi yake halali. Alichora kalenda kubwa ukutani, akaweka alama kwa kila kidonge. Alifunga kishikio kipya kwenye ngazi zote tatu. Vidato havikukatwa.

Hata Shemeji alibadilika. Siku moja mteja wake alianza kusema mtu akiwekwa kwenye mashine ndiyo basi tena. Shemeji alisimamisha mkasi. "Dada yangu aliwekwa," alisema. "Juzi kanigombeza kwa kuchelewa chakula. Ukitaka kusaidia, acha kuzua, nenda kachangie damu kama mimi." Kisha akaendelea kunyoa.

Mwezi wa nne tangu upasuaji, Mwalimu alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Alisimama mara moja tu, tena kwa kumsalimia jirani. Jioni ile walikaa wawili mezani. Spana alizungusha kikombe, akakizungusha tena.

"Mwalimu, kuna jambo sikukuambia."

"Nasikiliza."

Alimwambia yote. Maneno ya kinyozi, namba, kitufe, mrija uliorukaruka, kelele za mashine. Hakujitetea. Alipomaliza hakuthubutu kuinua macho.

 Mwalimu aliikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Kwa hiyo ungeniua kwa mapenzi," alisema mwisho.

"Ningekuua."

"Na ile Jumamosi nilipofumbua macho, mkono ulipotoka?"

"Niliukamata. Nikasema tu."

Mwalimu alivuta kikombe kutoka mikononi mwa mumewe, akakiweka mbali. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe juu ya meza, kiganja kikitazama juu.

"Shika hapa," alisema.

Spana alitaka kwanza kwenda kunawa. Mwalimu akacheka, akamvuta. Vidole viwili vya fundi vilitua juu ya mshipa wa mkono. Vilitega. Moyo ulikuwa unapiga, pigo moja baada ya jingine, bila haraka, bila msaada wa mtu. Spana alitafuta kasoro kwa mazoea yake, hakuipata.

"Unasikia kitu kinakwaruza?" aliuliza Mwalimu.

"Hapana," alisema Spana. "Pampu iko sawa. Naiacha hivyo hivyo."